Jina halisi, lakabu au kutojulikana kabisa: ukianza kuandika mtandaoni uchague lipi?

Mwalimu wa sekondari anataka kuanzisha blogu ya maisha ya shule: darasa la watoto mia, michango isiyo na stakabadhi, kikao cha wazazi kilichogeuka ugomvi. Ya kuandika anayo tele. Kinachomkosesha usingizi ni jina la kuandikia. Muuguzi anauliza hilohilo, karani wa benki pia, na mama mwenye mengi ya kusema kuhusu ndoa ambayo mawifi hawatakiwi kuyasoma. Ushauri wanaopewa kijiweni ni mmoja: "Fungua akaunti ya jina feki, nani atakujua?"

Huyo "nani" ndiye wa kumchunguza, maana hayuko mmoja. Kuna wifi na jirani. Kuna mkuu wa shule. Kuna kampuni ya simu iliyokuuzia bando, na kampuni za California zenye programu unayoandikia. Kuna polisi wakiwa na karatasi ya mahakama, au bila hiyo karatasi. Kila njia ya kujificha inamzuia mmoja wao na kumwachia mwingine mlango wazi, na ndiyo maana kuuliza "ipi salama zaidi?" hakukufikishi mbali. Uliza: inanificha kwa nani, na inanigharimu nini?

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa watu wengi naona lakabu inafaa, mradi uiandikie kama kitu kitakachofichuka siku moja. Kutojulikana kabisa ni kazi ya kudumu, na wengi wanaoianza hawaiwezi kwa mwaka mzima.

Jina halisi

Faida yake kubwa ni kwamba sifa hukusanyika mahali pamoja. Issa Michuzi alipoanzisha blogu yake mwaka 2005 alikuwa tayari mpiga picha anayejulikana. Jina likavuta wasomaji, wasomaji wakaitwa "wadau", na Watanzania wa ughaibuni wakapata pa kuchungulia nyumbani. Ndesanjo Macha, mmoja wa watangulizi wa blogu za Kiswahili, naye aliandika kwa jina lake. Sidhani kama lakabu ingewapa wote wawili heshima waliyoivuna.

Wasiokuwa na majina walikuwa wachangiaji wa chini ya habari. Mtu anamwaga maneno makali, anasaini "Mdau, Ughaibuni", anaondoka zake. Anayebaki kuulizwa ni mwenye blogu. Mwaka 2018 mzigo huo ukaingia kwenye sheria. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania zilimtaka mwenye blogu awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na gharama za kuanzia zilipita shilingi milioni 2. Wengi walifunga. Kanuni zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo na ada imepungua, kwa hiyo soma toleo linalotumika sasa kabla hujaamua. Ila lipo jambo ambalo marekebisho hayaligusi: anayeomba leseni hujitambulisha. Blogu yenye leseni na lakabu inakuficha kwa wifi. Kwa mamlaka haikufichi hata kidogo.

Hasara ya jina halisi ni kwamba halisahau. Ulichoandika kuhusu siasa ukiwa chuoni kitasomwa na atakayekufanyia usaili miaka 15 baadaye. Kufuta hakusaidii sana: Internet Archive ya San Francisco imekuwa ikihifadhi nakala za kurasa tangu 1996, na nakala ya haraka zaidi ni ile skrinshoti anayopiga msomaji dakika mbili baada ya wewe kuchapisha.

Kwa upande mwingine, jina halisi linakufanya usome sentensi mara mbili kabla ya kubofya. Kwa mwandishi hiyo ni faida, hata kama haifurahishi.

Lakabu

Sisi si wageni wa lakabu. Waliokulia na redio wanawakumbuka watu wa salamu, na kadi zao, na majina marefu ya kujipa mwenyewe ambayo mtangazaji aliyatamka kwa madaha. Kijiji kizima kilijua mwenye jina ni nani. Lakabu ile ilikuwa ya kujipamba. Mtandaoni tumeigeuza ya kujificha, na kwa kazi hiyo ina matobo.

Kisa kinachoonyesha matobo hayo vizuri kuliko vyote nivijuavyo ni cha Uingereza. Polisi mpelelezi wa Lancashire, Richard Horton, alikuwa akiandika blogu kwa lakabu ya NightJack: zamu za usiku, walevi, kesi zinazokufa njiani, wakubwa wanaopenda fomu kuliko kazi. Ilikuwa nzuri kiasi cha kupata Tuzo ya Orwell ya blogu mwaka 2009. Miezi michache baadaye gazeti la The Times likasema limemjua na litamtaja. Horton alikimbilia Mahakama Kuu ya London kuomba zuio, na Jaji Eady akakataa. Kwa maoni yake kublogu ni shughuli ya hadharani, kwa hiyo mwandishi hawezi kutegemea kwamba mahakama itamlindia siri ya jina. Horton akatajwa, akapewa onyo kazini, blogu ikafutwa.

Gazeti lilidai mahakamani kwamba mwandishi wake alimtambua kwa kuunganisha vidokezo vilivyokuwa wazi kwa kila mtu. Miaka kadhaa baadaye ikabainika kuwa mwandishi huyo aliingia kwanza kwenye barua pepe ya Horton bila ruhusa, na mwaka 2012 gazeti likamlipa fidia. Ukisoma kisa hiki kwa makini utaona milango miwili. Wa kwanza ni maudhui yenyewe: simulizi za kazi, hata zikibadilishwa majina, huacha alama za mahali na wakati. Wa pili ni akaunti iliyo nyuma ya lakabu. Blogu inafunguliwa kwa barua pepe, barua pepe inafunguliwa kwa namba ya simu, na namba ya simu, kwetu, ina mwenyewe.

Hapo kwenye namba ya simu ndipo hali ya Afrika Mashariki inapotofautiana na ushauri mwingi ulioandikwa ng'ambo. Tanzania laini zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Siku ya mwisho ya zoezi lile ilikuwa tarehe 20 Januari 2020, na wengi tunakumbuka foleni. Kenya nako usajili ni lazima. Lakini dola hata haihitajiki. Mtu yeyote mwenye namba yako anaweza kujifanya anakutumia pesa kwa simu, jina lako kamili likatokea kwenye kioo, akaghairi muamala na kwenda kusimulia. Truecaller nayo itamwonyesha jina ambalo watu wamekuhifadhi nalo, hata kama ni "Ticha Hesabu Mbagala". Ukiweka namba kwenye blogu ili upate michango ya wasomaji, lakabu imekwisha siku hiyohiyo. Ukijiunga na kundi la WhatsApp la wasomaji wako, vivyo hivyo.

Matobo mengine ni ya kiufundi, nayapitia haraka. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Mwaka 2012 John McAfee, tajiri wa programu za kuzuia virusi, alikuwa akijificha na polisi wa Belize. Waandishi wa jarida waliokuwa naye wakachapisha picha yake, na taarifa zilizomo ndani yake zikaonyesha yuko Guatemala. WhatsApp huondoa taarifa hizo unapotuma picha kwa njia ya kawaida, ila ukiituma kama faili zinabaki, na blogu nyingi zinazoendeshwa na mwenyewe kwenye seva yake huiacha picha kama ilivyo. Kipo pia kile kipande cha msimbo wa Google cha kuhesabu wasomaji. Ukikitumia kwenye blogu ya lakabu na kwenye tovuti ya biashara yako, namba yake inaweza kuwa ileile na yeyote akailinganisha. Mwaka 2011 Andy Baio, mtengeneza programu wa Marekani, alieleza jinsi namba hiyo peke yake ilivyomfikisha kwa mwanablogu aliyedhani amejificha.

Na kuna lugha. J.K. Rowling alipotoa riwaya ya upelelezi kwa jina la Robert Galbraith mwaka 2013, miezi mitatu haikutimia kabla hajajulikana. Kompyuta zililinganisha mtindo wa maandishi na zikamwelekea yeye. Lakini cheche ya kwanza ilitoka kwa binadamu: mwanasheria wa ofisi iliyomhudumia alimwambia rafiki ya mkewe, naye akaandika Twitter. Kwa Kiswahili mtindo hufichuka hata bila kompyuta. Mtu wa Pemba, wa Bukoba na wa Mombasa hawaandiki "sijui" kwa namna moja, na mwenzako wa ofisini anajua ni nani huanza kila hoja kwa "kimsingi".

Pamoja na hayo yote nasema lakabu ndiyo chaguo la wengi. Kwa nini? Kwa sababu watu wengi hawajifichi kwa dola wala kwa Google. Wanajificha kwa mawifi, kwa wazazi wa wanafunzi, kwa bosi ambaye hana muda wa kupeleleza lakini angekasirika akiona jina lako waziwazi. Kwa hao lakabu inatosha. Inakupa pia kitu ambacho kutojulikana kabisa hakikupi: jina linaloweza kuaminiwa. Msomaji akikufuata miaka mitatu kwa lakabu moja, anakujua kwa maana inayomhusu, hata kama hajui unakaa mtaa gani.

Kutojulikana kabisa

Hapa hakuna jina la kudumu. Unaandika, unaondoka, na hakuna kinachounganisha andiko la leo na la jana. Kwa mwenye siri nzito inayohatarisha maisha, ndiyo njia. Ila inadai nidhamu isiyochoka, na visa vinavyojulikana vingi ni vya watu walioteleza mara moja.

Ross Ulbricht, aliyeendesha soko la magendo la Silk Road ndani ya Tor, mtandao unaopitisha mawasiliano kwenye kompyuta kadhaa ili asijulikane aliyeyatuma, alikamatwa San Francisco mwaka 2013. Kati ya nyuzi zilizowafikisha wapelelezi kwake ni maandishi ya zamani mtandaoni ya mtu aliyelitangaza soko hilo, kisha kwa lakabu ileile akaweka barua pepe yenye jina lake kamili. Mwaka huohuo mwanafunzi wa Harvard alituma vitisho vya bomu ili mtihani uahirishwe. Alitumia Tor na barua pepe ya kutupa. Tor haikuvunjwa. Aliitumia kupitia Wi-Fi ya chuo, na chuo kikaangalia tu ni nani walikuwa wameunganishwa na Tor saa ile. Sina huruma na hao wawili, ila kilichowaangusha kinamhusu yeyote: chombo kilifanya kazi yake, tabia ya mtu haikufanya.

Jambo la pili wengi hawalifikirii. Unapoandika mahali bila jina, kutojulikana kwako kumewekwa rehani kwa mwenye seva. Tanzania tunao mfano mkubwa. Desemba 2016 polisi walimkamata Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la majadiliano la JamiiForums, baada ya kukataa kutoa taarifa za watumiaji walioandika kwa lakabu, akashtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kesi ziliendelea miaka, na Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani katika mojawapo kwa kuzuia upelelezi: faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Watu waliokuwa wakiandika "humu hatujulikani" walikuwa hawajulikani kwa sababu kuna mtu alikubali kulala rumande.

Wangapi watakubali? Proton, kampuni ya Uswisi ya barua pepe inayosifika kwa usiri, mwaka 2021 ilikiri kwamba ilitoa anwani ya IP (namba inayoonyesha mtu ameingia mtandaoni kupitia wapi) ya mwanaharakati wa Ufaransa kwa sababu sheria ya Uswisi iliilazimisha. Telegram, baada ya mwanzilishi wake Pavel Durov kukamatwa Ufaransa Agosti 2024, ilibadili masharti mwezi uliofuata: ikipata amri halali ya kisheria inaweza kutoa namba ya simu na anwani ya IP. Siwalaumu sana. Kampuni ina ofisi, na ofisi ina anwani. Nachosema ni kwamba usipime usalama wako kwa ahadi iliyoandikwa kwenye ukurasa wa matangazo. Pima kwa kile ambacho kampuni haina. Isichokuwa nacho haiwezi kukitoa.

Na zile tabia za kila siku?

Kuna wanaodhani mjadala huu ni wa waandishi tu. Lakini wewe usiyeandika chochote, unayetafuta usiku dalili za ugonjwa unaouogopa, nawe unajificha, kwa kawaida kwa kubofya hali fiche (incognito) ya kivinjari. Vifaa vitatu vinavyotumiwa zaidi, yaani hali fiche, VPN (huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva yake kwanza) na Tor, vinasimama hivi:

| | Anayeshika simu yako | Kampuni ya simu au mwenye Wi-Fi | Tovuti yenyewe |
|---|---|---|---|
| Hali fiche | Hakuti historia | Anaona tovuti ulizofungua | Inaona IP yako |
| VPN | Anakuta historia kama kawaida | Anaona unatumia VPN, haoni unakoenda | Inaona IP ya VPN |
| Tor | Hakuti historia, anaikuta programu | Anaona unatumia Tor | Haioni IP yako |

Safu ya tovuti, ile ya mwisho kulia, ina sharti moja: ukiingia kwa akaunti yako, umejitaja, na kifaa chochote kati ya hivyo hakikusaidii tena.

Hali fiche ndiyo inayodanganya wengi, na kosa si la watumiaji peke yao. Mwaka 2020 Google ilishtakiwa Marekani kwa kuendelea kukusanya taarifa za watu waliokuwa kwenye hali hiyo. Kesi ikaisha kwa makubaliano, na mwaka 2024 kampuni ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu. Hali fiche inafaa pale mnapotumia kompyuta moja nyumbani au kwenye duka la intaneti. Zaidi ya hapo usiitarajie.

VPN inahamisha imani tu: badala ya kampuni ya simu kujua unakokwenda, sasa anajua mwenye VPN. Ikiwa ni ya bure na hujui nani anaiendesha, umemkabidhi mgeni shajara yako. Kwa Tanzania kumbuka pia kwamba Oktoba 2023 TCRA ilitangaza wanaotumia VPN kihalali wajisajili na kueleza anwani zao za IP, jambo ambalo kwa mtu anayetaka kujificha ni kichekesho, ila ni agizo na linahitaji kufikiriwa kabla hujapakua. Tor ni ya polepole, na kwenye bando la wiki utaisikia.

Hata ukifanikiwa kuondoa jina, maswali yako yanabaki kuwa wewe. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ilitoa hadharani utafutaji wa wateja takriban 650,000, majina yakiwa yamebadilishwa kuwa namba. The New York Times lilichukua namba moja, likasoma alichotafuta mwenye namba hiyo: mji wake, watu wa jina la ukoo wake, maradhi, mbwa. Waandishi wakabisha hodi kwa mjane wa jimbo la Georgia, Marekani, naye akakubali kwamba ndiye.

Nani achague nini

Mwenye biashara, fundi, mshauri, mpishi, mwandishi anayetaka kulipwa: jina halisi, bila kusitasita. Lakabu itakucheleweshea riziki.

Mwalimu wetu achukue lakabu. Afungue barua pepe mpya isiyotumika popote pengine, na ajue kwamba namba ya simu atakayoombwa itaiunganisha barua pepe hiyo naye daima. Asiweke namba ya kuchangia. Asichapishe tukio wiki lilipotokea. Aliache miezi, achanganye matukio mawili, abadilishe kidato. Kisha afanye jaribio moja: asome andiko kana kwamba yeye ni mwalimu mwenzake wa shule ileile. Kama mwenzake angejua kwa aya ya pili, mkuu wa shule atajua kwa ya tatu. Na asimwambie mtu. Rafiki wa kwanza kuambiwa huwa na rafiki.

Muuguzi namwongezea sharti: jina lolote atakalochagua, habari za mgonjwa si zake kuzitoa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya 2019, na mgonjwa anayejitambua kwenye blogu hatajali kama imesainiwa kwa lakabu.

Anayetaka jina la bandia ili amtukane mtu fulani, makala hii haimfai, na matobo yote niliyoyataja yatafanya kazi dhidi yake.

Mwenye nyaraka za wizi mkubwa kazini asifungue blogu kabisa. Blogu inatangaza kwamba yupo mtoa siri, halafu inawapa wanaomtafuta mtindo wake wa kuandika, saa zake na idadi ya watu walioziona nyaraka hizo, ambayo mara nyingi haifiki kumi. Atafute mwanasheria kwanza, kisha mwandishi wa habari za uchunguzi mwenye uzoefu wa kulinda vyanzo, amwendee ana kwa ana na simu ya kazini ibaki kazini. Kama lazima atumie mtandao, atumie Tor, kwenye kifaa ambacho hakijawahi kuingia akaunti yake yoyote, wala si kupitia Wi-Fi ya ofisi. Na nyaraka asizichapishe wala kuzitoa nakala kwenye printa ya ofisi: mashine nyingi za siku hizi hutunza kumbukumbu ya nani alichapisha nini na saa ngapi.